Jina kwenye karabina ni lile lile, ila mwenye kiwanda kabadilika: majibu ya barua zenu

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, kwamba kampuni iliyotengeneza kamba yangu, au karabina yangu (ile pete ya alumini yenye mlango), au viatu vyangu, imenunuliwa na watu wengine, sasa mimi nifanyeje. Nimefurahi mno kuzipata manake miaka ya nyuma hapa Mwanza ukionekana umebeba kamba unaelekea kwenye mawe watu wanadhani unaenda kutega pimbi, leo napita Capri Point jioni nakuta vijana wako juu ya jiwe, wanabishana kuhusu kN, kile kipimo cha nguvu, na tarehe za kutengenezwa. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, mnivumilie, ndo imebeba mambo mengi.

*"Shikamoo mjomba. Sisi ni vijana sita tunapanda mawe ya Bwiru. Vifaa vyetu tuliachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao, karabina kumi na mbili, slingi kadhaa (vile vitanzi vya mkanda) na hanesi tatu za kuvaa kiunoni, vyote vimeandikwa Black Diamond. Juzi jamaa mmoja katuambia hiyo kampuni wapandaji walishaiuza zamani, wameinunua watu wa risasi na mabomu ya machozi, na tangu hapo mali yao ni mbovu. Wawili kati yetu wamegoma kabisa kupanda. Tutupe au tuendelee?"* Kijana wa Bwiru

Marahaba mwanangu. Kwanza hao wawili waliogoma msiwacheke wala msiwasukume, mtu anayesita kabla ya kuning'iniza uhai wake kwenye kipande cha alumini ana akili timamu. Jamaa yenu kasema mambo ya kweli lakini kayapanga vibaya, ngoja nianze mbali kidogo.

Hiyo Black Diamond yenyewe ilizaliwa kwenye kuuzwa. Kulikuwa na Yvon Chouinard, mpandaji wa California aliyeanza kufua misumari ya kupigilia kwenye nyufa za miamba mwaka 1957, baadae kampuni yake ikaitwa Chouinard Equipment. Miaka ya 80 ikaandamwa na kesi za madai mahakamani, na baadhi ya waliodai hata sio wapandaji, mpaka 1989 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Wafanyakazi wenyewe wakiongozwa na Peter Metcalf wakakusanya hela, wakanunua mashine na michoro na mali iliyobaki, Desemba 1989 wakaanza upya kwa jina la Black Diamond, na 1991 wakahamia Salt Lake City kule Utah karibu na milima. Kwa hiyo hapo mwanzo walionunua ndo hao hao waliokuwa wanatumia vifaa, na watu wakaipenda kwa sababu hiyo.

Sasa 2010 ndo ikauzwa kwa Clarus. Clarus ilikuwa kampuni ya programu za kompyuta, biashara hiyo ikauzwa 2002, ikabaki jina kwenye soko la hisa na hela benki, haina kiwanda haina nini, inatafuta cha kununua. Mwenyekiti wake Warren Kanders. Wakainunua Black Diamond kwa dola milioni 90 na siku hizo hizo wakachukua na Gregory, wale wa mabegi ya mgongoni, kwa milioni 45. 2012 wakaongeza POC ya Sweden wanaotengeneza helmeti, na PIEPS ya Austria. Miaka miwili tu mbele Gregory ikauzwa kwa Samsonite, 2015 POC nayo ikauzwa. 2017 kampuni mama ikarudia jina la Clarus na ikanunua kiwanda cha risasi, Sierra Bullets, kwa milioni 79, 2020 wakaongeza Barnes, halafu 2024 wakaziuza zote mbili kwa milioni 175. Umeona hapo? Watu wa risasi hawakuinunua Black Diamond, mwenye Black Diamond ndo alinunua risasi, na sasa hana tena. Mabomu ya machozi yalikuwa ya kampuni nyingine ya huyo huyo Kanders, Safariland, na 2019 alijiuzulu kwenye bodi ya makumbusho ya Whitney ya New York baada ya wasanii na wananchi kupiga kelele miezi kadhaa.

Je hilo linakuhusu wewe wa Bwiru? Mimi naona linakuhusu, hela yako ni yako na una haki ya kujua inaenda kufanya nini, na mtu akisema mi sinunui kwa sababu hiyo namheshimu kabisa. Lakini hilo ni swali la dhamira, na swali la kama karabina itakatika ni lingine. Ukiyachanganya utatupa karabina nzima na utabaki na slingi iliyooza kwa jua eti kwa sababu jina lake halijauzwa.

Chukua mfano wa hapa hapa. Tigo ilipouzwa na Millicom 2022 kwa kundi la Axian, na mwishoni mwa 2024 ikaitwa Yas, mama zetu walihangaika wee, hela yangu ya Tigo Pesa iko wapi, laini yangu itazima. Laini haikuzima, minara ilibaki pale pale. Kilichotakiwa kuangaliwa ni yale yaliyofuata polepole, makato, mtandao, huduma unapopiga simu, na hayo huyaoni siku ya tangazo, unayaona mwaka wa pili wa tatu. Vifaa vya kupandia ni hivyo hivyo. Karabina iliyotengenezwa 2008 haijui kama mwenye kampuni kauza 2010, chuma kimeshafuliwa, kimeshapimwa, basi. Mwenye mpya anaonekana kwenye kinachotoka baada ya yeye kukaa, manake ndo ameamua nani abaki karakana, nani apunguzwe, kiwanda kihame au kisihame.

Na hapo ndo jamaa yenu ana hoja. 2016 Black Diamond walitangaza wateja warudishe baadhi ya karabina, slingi na vifaa vingine vilivyokuwa vimetoka kiwandani na kasoro. Haikuwa tangazo moja, yalikuja kwa kufuatana. Kipindi hicho walikuwa wanahamisha uzalishaji kutoka Zhuhai, China, kurudi Utah, na mtu yeyote aliyewahi kuhamisha hata jiko la mama lishe kutoka kona moja kwenda nyingine anajua siku za kuhama ndo siku za kuunguza wali. Sio kwamba China ni kubaya au Marekani ni kuzuri, kubaya ni pale mikono iliyozoea inapobadilishwa haraka haraka. Ila niseme na upande wa pili, walitangaza wenyewe, wakaweka namba na picha ukakague kifaa chako kimoja kimoja. Kampuni inayotangaza kosa lake mimi naiamini zaidi ya ile ambayo haijawahi kutangaza lolote.

Kuna lililoniuma zaidi, la PIEPS. Hiki ni kifaa cha wenzetu wa theluji, unakivaa kifuani kinatuma ishara, ukifukiwa na maporomoko wenzako wanakutafuta kwa ishara hiyo. Mwaka 2020 watumiaji walijitokeza hadharani wakasema swichi ya aina zao ziitwazo DSP inaweza kutoka kwenye kutuma bila mtu kujua. Tangazo la kurudisha lilitoka Aprili 2021. Yaani msimu wa theluji ulishapita! Sisi hapa hatuna theluji lakini nimeileta kwa sababu ndo mahali pa kumpimia mwenye kampuni mpya, mteja akipiga kelele inachukua muda gani mpaka ajibiwe.

Basi mkae chini na vifaa vyenu mchana kweupe, sio jioni. Kila karabina angalieni mgongoni, kutakuwa na kN kwenye mstari mrefu, kN kwa upande, na kN mlango ukiwa wazi. Kiwango cha Ulaya kwa karabina za kawaida ni 20 kwa urefu, 7 kwa upande na 7 mlango ukiwa wazi, na 20 hiyo ni kama uzito wa tani mbili, kwa hiyo mwili wako hauna shida nayo ila ukiikalisha kwa upande au mlango ukabaki wazi umeshapoteza theluthi mbili ya nguvu. Halafu tafuteni tarakimu nne za tarehe, kwa Black Diamond za miaka hiyo tarakimu ya kwanza ni ile ya mwisho ya mwaka na tatu zinazofuata ni siku ya mwaka, mfano 5032 ni siku ya 32 ya 2015, yaani tarehe mosi Februari. Za 2014 mpaka 2016 zitengeni, ingieni kwenye ukurasa wa kampuni mlinganishe na matangazo, mojamoja, msifanye kwa kukisia. Mlango unafunga wenyewe? Riveti imekaa sawa pande zote mbili? Kuna mfereji kamba ilipopita? Mkiwa na wasiwasi na moja msibishane, iwe ya kubebea chupa ya maji.

Slingi na hanesi ndo sina huruma. Nailoni inazeeka hata ikikaa sandukuni, na jua letu hili la ziwani linaimaliza mapema. Petzl wa Ufaransa kwa mfano wanaandika kwamba kitu chao cha kitambaa au plastiki mwisho miaka 10 tangu kitengenezwe hata kama hakijatumika. Mmeachiwa na mtu, hamjui zilianguka mara ngapi, hamjui kama ziliwekwa pamoja na betri ya gari. Lebo haisomeki? Kata vipande kwa mkasi ili asije mdogo wenu akaokota. Najua mnaona uchungu, mi mwenyewe nimewahi kukata hanesi niliyoipenda na mkono unatetemeka, lakini nilikata. Na mpaka mpate zingine mawe mafupi ya pale Bwiru yanatosha, pandeni bila kamba kwa urefu ambao mtu akishuka vibaya anaangukia godoro na mikono ya wenzake.

*"Habari ya kazi kaka. Mimi ni fundi wa minara ya simu, nazunguka Mwanza, Geita mpaka Ukerewe. Hanesi yangu buckle imeleta shida, msambazaji Dar kaniambia kampuni iliyotengeneza ilinunuliwa, walioinunua hawatambui dhamana za nyuma na spea hakuna. Ni sawa kweli? Na kwa sasa rafiki yangu ana hanesi ya kupandia mawe, naweza kuitumia kazini?"* Fundi wa Igoma

Nianze na la mwisho, hapana. Usiitumie. Hanesi ya kupandia mawe inashika kiuno na mapaja na kiwango chake ni EN 12277, ya kazi ya mnara inayokukamata ukianguka inashika mwili mzima, ina pete mgongoni na kifuani, kiwango EN 361. Ukizimia juu ya mnara ndani ya ile ya kiuno unaweza kupinduka kichwa chini na hakuna wa kukufikia kwa haraka.

La dhamana linategemea ilinunuliwaje, na hili wengi hawaambiwi. Mtu akinunua hisa za kampuni anaibeba nzima, na madeni yake na ahadi zake, kama vile umeoa mjane ukakuta na watoto, ni wako. Lakini kampuni ikiwa imefilisika na mtu akanunua mali tu, jina, mashine, michoro, basi mara nyingi ahadi za zamani zinabaki na ile maiti. Hata hao Black Diamond nilioeleza juu walinunua mali. Kwa hiyo muulize huyo msambazaji kwa maandishi, ilikuwa ipi, na kama anasema haitambuliwi akuonyeshe barua ya kampuni, sio maneno ya kaunta. Ukiwa na risiti usisahau kwamba yeye aliyekuuzia naye ana wajibu, na Tume ya Ushindani, FCC, ndo wanaosimamia sheria ya 2003 ya ushindani na kumlinda mlaji, malalamiko unapeleka bila wakili.

Ila kaka buckle yenye shida usiisubirie barua. Hanesi hiyo haipandi tena mnara. Mwajiri wako ndo anatakiwa kununua nyingine, na kama anakwambia vumilia mwezi huu mwambie ashuke aje aivae yeye kwanza.

Nikiwa hapo hapo, mi niliuziwa karabina mbili kwenye duka moja mjini, sitalitaja, nembo ilikuwa ile ile ya hao Wafaransa wa Petzl ila baada ya alama ya CE, ile ya kuonyesha kifaa kinafuata viwango vya Ulaya, hapakuwa na namba. Kifaa cha kukinga mtu asianguke lazima baada ya CE kuwe na tarakimu nne, ni namba ya chombo kinachokagua uzalishaji wa kiwanda hicho. Mimi nilikuwa na haraka, nikalipa, nimegundua nyumbani, na muuzaji alinijibu hizi ni za mwenye kampuni mpya ndo maana zimebadilika. Angalieni hiyo sentensi vizuri. Kampuni zikiuzwa wauza feki wanapata pazia la kujifichia, kila kasoro wanakwambia ni mwenye mpya. Mwenye mpya hawezi kufuta CE na namba yake.

*"Dada wa Nyegezi hapa, mwanafunzi. Nilipanda miaka mitatu na viatu vya Five Ten vya mtumba vya Mlango Mmoja, vilinikaa kama ngozi. Nimeagizishia vipya namba ile ile na jina lile lile, vinabana kwingine na kulegea kwingine. Wamenitapeli au ni mimi?"*

Sio wewe na huenda hata sio tapeli. Five Ten ilianzishwa California 1985 na Charles Cole, mpira wao wa Stealth ndo uliwapa jina, unanata kwenye mwamba kama mjusi. 2011 adidas wakainunua kwa dola milioni 25. Tangu hapo viatu vimebadilishwa umbo, vingine vikaacha kutengenezwa, wapandaji wengi duniani wamelia kilio chako hicho hicho cha namba ileile mguu tofauti. Kiatu kinajengwa juu ya kalibu, ile fomu ya mguu, na kiwanda kikibadilisha kalibu, jina la kiatu linabaki ila kiatu hakipo tena. Baadhi ya waliokuwa wanatengeneza vile vya zamani wakaanzisha Unparallel, huko huko California, kwa hiyo kama unapenda ule mkao wa zamani anza kutafutia hapo. Ushauri wangu mwingine usiagize kiatu cha kupandia bila kuvaa, hata jina ulizoee vipi. Na vile vya zamani usivitupe, soli ikiisha mpira unabandikwa upya, fundi viatu mwenye mkono mzuri ukimpa mpira sahihi na ukamweleza ukingo wa mbele usizidi unene anaweza.

*"Ndugu mwandishi, naendesha kampuni ndogo ya utalii, nataka kuanzisha kupanda mawe pamoja na safari za Saanane. Nataka kununua vifaa vya watu kumi kutoka kampuni ambayo haijauzwa na haitauzwa, nitajie."* Mjasiriamali, Isamilo

Haitauzwa siwezi kukuahidi, hilo hata wenyewe hawawezi. Ambazo bado ziko mikononi mwa familia zipo, Petzl ya Ufaransa kule Crolles, ilianza na mzee Fernand Petzl aliyekuwa mtu wa mapango, La Sportiva ya Italia ni ya ukoo wa Delladio tangu 1928. DMM wanafua karabina zao wenyewe Llanberis, Wales.

Lakini nakuomba usinunue kwa kigezo hicho peke yake. Wild Country ya Uingereza, hawa waliotengeneza zile Friends za kwanza alizobuni Ray Jardine, vile vifaa vya meno yanayotanuka ndani ya ufa, ilinunuliwa 2012 na Oberalp wa Italia, na mnunuzi ni watu wa milimani wenyewe, wana Salewa. Edelrid ya Ujerumani, ndo waliotoa 1953 kamba yenye utumbo ndani na gamba nje tunayotumia wote leo, ilichukuliwa na Vaude 2006 na jina limeendelea kuheshimika. Kwa upande mwingine Arc'teryx ya Vancouver, iliyoanza 1989 kwa kushona hanesi, imepita kwa Salomon ilipokuwa chini ya adidas, ikaenda Amer Sports ya Finland 2005, 2019 kundi likiongozwa na Anta ya China likanunua Amer yote, na Februari 2024 ikaingizwa soko la hisa New York. Hanesi ilikuwa mwanzo wake, leo wengi wanaijua kwa makoti ya mjini. Kwa hiyo uliza nani kanunua, anataka nini, na kakaa muda gani. Wa kumuogopa ni yule anayenunua ili auze, huyo hana haja ya kujua kamba yako itakuwaje mwaka wa nane.

Na hata ushirika sio kinga. Canada kulikuwa na MEC, ushirika wa wapandaji ulioanza 1971, unalipa dola 5 unakuwa mwanachama, wakafika mamilioni. 2020 ukazidiwa na madeni, bodi ikauuza kwa kampuni ya uwekezaji ya Los Angeles na wanachama hawakupigishwa kura. Niliposoma habari ile nilimkumbuka baba yangu na kadi yake ya ushirika wa pamba. Sisi wa kanda hii tunaelewa uchungu huo kuliko wanavyodhani, wazee wetu na kina Paul Bomani waliujenga Victoria Federation miaka ya 50 kwa kilo za pamba walizobeba kichwani, na wengi wao wamezeeka na kadi ndani ya sanduku hawajui ilienda wapi. 2025 MEC imerudi kwa wawekezaji wa Canada, ila ushirika haujarudi.

Kwa watu wako kumi fanya hivi, usinunue vyote kampuni moja. Kamba za huyu, karabina za yule, hanesi za mwingine, ili siku moja ikitangaza kurudisha, biashara yako isisimame yote. Fungua daftari, kila kifaa na namba yake, tarehe ya kutengenezwa, siku ulipoanza kukitumia. Jisajili kwenye barua pepe za matangazo ya usalama za kila kampuni, na kampuni ikiuzwa hakikisha kwamba anwani hizo hazijafa. Na tafadhali Jiwe la Bismarck usilipeleke wageni wako kulitoboa, mawe yako mengi, lile tuliache lisimame.

*"Mwanangu mimi ni mama wa Mwaloni Kirumba, nauza dagaa. Mtoto wangu wa kiume ananisumbua nimuongezee hela anunue kamba ya kupandia mawe, bei yake naweza kununua kamba ya mitumbwi mitatu. Anasema ya kampuni fulani imeuzwa kwa hiyo imeshuka bei, tuwahi. Kwani hii yetu ya nyavu haifai? Inavuta sangara na mtumbwi juu."*

Shikamoo mama. Kamba ya mtumbwi ina nguvu, hilo hakuna anayebisha, shida yake haivutiki. Mtoto akianguka mita tatu nne, kamba isiyovutika inamkamata ghafla, inaweza kumvunja mgongo bila yenyewe kukatika hata uzi. Ile ya kupandia imetengenezwa irefuke kidogo immeze yule mtu polepole, wanaipima kwa kuangusha uzito wa kilo 80 na lazima istahimili angalau mianguko mitano, na kishindo cha mwanguko wa kwanza kisizidi kN 12. Ndo unacholipia, mama, kule kurefuka.

Hiyo ya kushuka bei, isikutishe na isikuharakishe. Mwenye mpya akiingia mara nyingi anamaliza stoo ya zamani kwa bei ya chini na humo unaweza kupata kamba nzuri kabisa. Ila kamba ya stoo inaweza kuwa imekaa miaka mitano kwenye rafu na umri wake unahesabiwa tangu ilipotengenezwa. Mwambie kijana kabla hajatuma hela aombe picha ya lebo ya mwisho wa kamba, pale palipoandikwa mwaka, EN 892 na ile moja ndani ya duara, manake kuna za nusu zinazotumika mbili mbili, hazimfai peke yake. Muuzaji akikataa kupiga picha basi hela irudi kwenye dagaa. Akikubali, na mwaka ni wa karibuni, msaidie mama. Ya mtumbwi mwachie ya kufungia mabegi.